Kabla Hujachagua Bastola ya Kubeba Kiunoni

Katika wiki za karibuni, swali moja limekuwa likirudi mezani kwetu kwenye ukaguzi wa silaha hapa Mwanza. Analiuliza mnunuzi wa mabondo, yaani vibofu vya sangara, kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, analiuliza mfanyabiashara wa dhahabu anayesafiri kati ya Geita na jijini, na mwenye boti za uvuvi kutoka Sengerema naye analiuliza: "Afande, bastola gani ndogo ni nzuri, ambayo mtu hataiona nikiivaa?" Wanaouliza ni watu wenye nia njema, wanaotembea na fedha taslimu kwa sababu biashara zao bado zinaendeshwa hivyo, na wana haki ya kupata jibu la kitaalamu badala ya kukisia kwa kuangalia filamu. Jibu langu ni kwamba wengi wanatafuta udogo kwanza na kuaminika baadaye, na kwa mpangilio huo mtu hujikuta na chombo ambacho hakimwitikii siku anapokihitaji.

Naanza na kibali, ingawa najua wasomaji wengi wangependa niruke sehemu hii. Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, mahali ambapo mwombaji anafahamika kwa tabia na mwenendo, kisha hupitia kamati za usalama ngazi kwa ngazi hadi mkoa, na hatimaye humfikia Msajili wa Silaha. Mwombaji hupimwa kwa umri, uraia au ukaazi wake, afya ya akili na kumbukumbu za makosa ya jinai, na hutakiwa pia kuwa na cheti cha umahiri, maana yake awe amepata mafunzo na kuthibitishwa kwamba anaweza kuitumia silaha kwa usalama. Ngazi hizi huchukua muda, na muda huo hauna njia ya mkato. Anayekuja kwetu akiwa tayari amelipa malipo ya awali ya bastola "kwa rafiki anayeondoka nchini" amejitia matatani kabla hajaanza, kwa sababu silaha hununuliwa baada ya kibali, kutoka kwa muuzaji aliyeruhusiwa kisheria, nayo huandikwa kwa namba yake.

Kuhusu adhabu, naomba isomwe polepole. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya kifungu cha 20 cha sheria hiyo, na kosa hilo husomwa pamoja na aya ya 31 ya Jedwali la Kwanza na kifungu cha 57(1) cha Sheria ya Uhujumu Uchumi. Hii ina maana kwamba shauri linaendeshwa kama kesi ya uhujumu uchumi, ambapo mahakama ya chini haiwezi kuisikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Baada ya marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 60(2) cha Sheria hiyo ya Uhujumu Uchumi kinataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Nimewahi kuambiwa na mtu mzima, mwenye familia na heshima zake mtaani, kwamba bastola aliyoachiwa na marehemu baba yake "ni ya urithi, haina shida." Shida ipo. Leseni hutolewa kwa mtu aliyetajwa ndani yake na hufa pamoja naye. Silaha ya marehemu hupelekwa kituo cha polisi, na mrithi anayeitaka huanza maombi yake mwenyewe kama mtu mwingine yeyote. Kwa wale ambao tayari wanayo silaha isiyo na kibali, Umoja wa Afrika uliamua mwaka 2017 kwamba Septemba ya kila mwaka iwe Mwezi wa Msamaha Afrika, na Serikali yetu katika miaka ya karibuni imetumia kipindi hicho kuwapa watu nafasi ya kusalimisha silaha kwa hiari. Nafasi kama hiyo ikitangazwa, itumike.

Sasa tuje kwenye bastola yenyewe. Bastola inapofyatuliwa, nguvu ya mlipuko husukuma nyuma slaidi, yaani kipande cha juu kinachoteleza, ganda tupu hutolewa nje, springi hubanwa, kisha slaidi hurudi mbele ikichukua risasi mpya kutoka kwenye magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mshikio) na kuiingiza chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu ikisubiri kufyatuliwa. Kazi yote hiyo hukamilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye bastola ya ukubwa wa kawaida, slaidi ni nzito na ina nafasi ndefu ya kusafiri, kwa hiyo mfumo unavumilia uchafu kidogo, risasi dhaifu kidogo na mkono uliolegea kidogo. Katika bastola ndogo sana safari hiyo ni fupi, slaidi ni nyepesi na springi ni ngumu, na uvumilivu huo hupungua. Mshikio nao hukosa nafasi ya kidole cha mwisho, mtutu hurukia juu, kifundo cha mkono kikalegea, na slaidi ikakosa kitu imara cha kuegemea inaporudi nyuma. Hapo ndipo ganda hunasa likiwa limesimama kwenye mlango wa kutokea maganda, na mwenye silaha anasema bastola "imejamu," kana kwamba yeye hakuhusika.

Kwa mtu anayebeba kwa mara ya kwanza, ushauri wangu ni saizi ya kati. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Glock 19 ya Austria, iliyoingia sokoni mwaka 1988: mtutu wa milimita 102, magazini ya risasi 15, na uzito wa takriban gramu 600 bila magazini. CZ P-10 C ya Jamhuri ya Cheki, ya mwaka 2017, iko katika kundi hilohilo. Zipo ndogo zaidi zilizoundwa vizuri, kama SIG Sauer P365 ya mwaka 2018, ambayo ina mtutu wa milimita 79 hivi na magazini ya kawaida ya risasi 10, na siwezi kusema ni mbaya. Ninachosema ni kwamba zinahitaji mkono uliofanya mazoezi. Sitaji majina haya kuwapigia debe watengenezaji, na asiyeyapata dukani asihangaike, kwani kipimo nitakachokieleza hapa chini kinafaa kwa bastola yoyote. Zile zinazong'aa kwa nikeli na mshikio wa nakshi, ambazo huulizwa mno na vijana wa dhahabu, hazina la ziada zaidi ya mng'ao, na mng'ao ni adui wa mtu anayetaka silaha yake isionekane.

Jambo la risasi linaleta makosa kila mwaka. Mtu anasema bastola yake ni "ya milimita 9" na kudhani ametaja risasi. Zipo angalau aina tatu zinazoitwa hivyo. Ya kwanza ni 9×19 (takriban unene wa kichwa, kisha urefu wa ganda, kwa milimita), iitwayo Parabellum, iliyobuniwa mwaka 1902, ambayo ndiyo ya bastola nilizozitaja. Ya pili ni 9×18 ya Makarov, ambayo kichwa chake kina unene unaozidi milimita 9.2 na hakilingani na mtutu wa ile ya kwanza. Ya tatu ni 9×17, fupi na dhaifu zaidi, inayotumika kwenye baadhi ya bastola za mfukoni. Hazibadilishani. Soma maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa mtutu au slaidi, kisha soma yaliyo kwenye kitako cha ganda, na kama havifanani usiingize risasi hiyo chemba hata kama "inaingia." Nashangaa kwamba mtu anayejua kutofautisha madaraja ya mabondo kwa kuyagusa gizani hawezi kutumia dakika moja kusoma herufi hizo.

Hivi karibuni mzee mmoja wa biashara ya samaki alituletea bastola yake ndogo akilalamika kwamba imechoka na anataka kuibadilisha. Nilitoa magazini, nikahakikisha chemba ni tupu, nikaifungua juu ya kitambaa cheupe. Ndani ya njia ya slaidi mafuta yalikuwa yameganda kama nta, yakiwa yamefungana na nyuzi za suruali. Chini ya mshikio kulikuwa na utando mwembamba wa kutu wa rangi ya ganda la karanga, na nilipovuta kitako cha magazini likadondoka gamba moja kavu la sangara, limekunjamana pembeni ya springi. Alikuwa akiibeba mfukoni, bila ala, yaani kifuko maalumu cha bastola, siku zote za soko. Tuliisafisha, tukaenda naye uwanja wa shabaha, na risasi ya tatu ikakwama tena. Nikaichukua, nikapiga magazini nzima kwa risasi zilezile bila tatizo. "Mzee wangu, kaza kifundo cha mkono," nikamwambia. "Afande, nimekaza," akajibu, huku mkono ukicheza. Tuliporudia kwa mikono miwili, mmoja ukishika juu karibu kabisa na slaidi na mwingine ukiufunika, alimaliza magazini mbili bila kukwama hata mara moja. Kwa hiyo bastola yenyewe haikuwa na ubovu wowote.

Hili linanileta kwenye kipimo. Bastola mpya haiaminiki kwa sababu ya jina lake. Inaaminika baada ya wewe mwenyewe kuipiga, kwa mkono wako, kwa magazini zako zote, na kwa aina ileile ya risasi utakayoibeba, kwa kuwa umbo la ncha ya risasi hubadilisha namna inavyopanda kutoka magazini kwenda chemba. Wakufunzi wengi duniani hutaja risasi 200 bila kukwama kuwa kiwango cha kuanzia. Natambua kwamba kwetu idadi ya risasi hufungwa na kibali na bei yake si ndogo, kwa hiyo jaribio hilo linaweza kugawanywa katika vipindi kadhaa, mahali palipoidhinishwa na chini ya mkufunzi. Weka alama ya namba kwenye kila magazini. Ukikwama mara mbili kwa magazini ileile, tatizo liko kwenye springi au midomo ya magazini hiyo, na dawa yake ni kununua nyingine. Usiikunje kwa koleo.

Wapo wanaoniambia kwamba ziwa letu ni la maji baridi, hivyo kutu si tatizo kama ilivyo Tanga au Mtwara. Chuma hupata kutu popote penye maji na hewa, na jasho la kiunoni lina chumvi ya kutosha hata kama unaishi juu ya mawe ya Bugando. Wakati wa masika, na kwa wanaovuka mara kwa mara kwenda Ukerewe, bastola ikaguliwe kila wiki, ifutwe, na ipakwe mafuta membamba kwa kiasi. Mafuta mengi hukamata vumbi na hugeuka ile nta niliyoieleza. Ikitumbukia majini, iondolewe risasi, ifunguliwe, ikaushwe na ionwe na fundi silaha, na risasi zilizolowa zisirudishwe kwenye magazini.

Ala ya bastola ni sehemu ya silaha, na hapa sina lugha ya upole. Bastola nyingi za kisasa, zikiwamo za Glock, hazina sefti ya kidole pembeni, yaani kitufe cha kuizuia isifyatuke. Usalama wake uko ndani ya kifyatulio na mifumo inayouzunguka. Kwa hiyo kitu chochote kinachoingia kwenye kifyatulio kinaweza kufyatua risasi, iwe ufunguo, kalamu au kamba ya koti. Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, ibaki wazi mdomoni hata bastola ikitoka, na ishikane na mkanda imara. Mkoba wa mama wenye simu na sarafu si ala. Usalama wa bastola inapoanguka nao uulizwe kabla ya kununua: mwaka 2017 SIG Sauer ilitangaza maboresho ya hiari kwa bastola zake za P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Ukinunua iliyotumika, fundi athibitishe kwamba maboresho ya aina hiyo yamefanyika. Kwa anayeanza, tunashauri chemba iwe tupu mpaka mkufunzi wake aridhike naye.

Leseni haikupi ruhusa ya kuinua shati baa ili wenzako waione, wala ya kumtolea mtu aliyekugonga gari pale Nata. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujitetea kwa nguvu isiyozidi inayohitajika, na kupoteza mzigo wa dagaa si sawa na kutishiwa uhai. Bastola haiazimwi kwa mlinzi, kwa dereva wala kwa mke. Haivuki mpaka pia: mwenye leseni ya Tanzania akishuka Kisumu au Port Bell na bastola kiunoni, kwa sheria za huko ni mtu mwenye silaha haramu. Nyumbani ikae ndani ya seifu iliyofungwa kwa nondo ukutani, si chini ya godoro. Ikipotea au ikiibwa, toa taarifa kituoni mara moja, ukiwa na namba yake uliyoiandika mahali pengine.

Anayetaka tuikague bastola yake kabla au baada ya kuinunua aje na leseni au barua ya kibali, bastola ikiwa tupu ndani ya ala yake, magazini pembeni na risasi katika mfuko wa peke yake. Akifika getini amwambie askari wa zamu kwamba ana silaha, mikono yake ikiwa mbali nayo, asubiri aelekezwe.