Nusu otomatiki ni nini? Maelezo kwa anayetafuta bunduki ya bei nafuu ya kuwindia na kulengea shabaha

Gazeti likiandika kwamba polisi wamekamata "bunduki moja aina ya SAR" au "SMG mbili na risasi kadhaa", herufi hizo tunazipita tu kama tunavyopita namba za daladala. SMG kwa mazoea yetu Tanzania ni ile jamii ya AK-47. SAR ni bunduki ya Simonov, ambayo nchi nyingine wanaiita SKS, iliyobuniwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1945. Jina hilo la SAR, kifupi cha Kiingereza "semi-automatic rifle", limebeba dhana nzima ninayotaka kuieleza hapa, yaani bunduki ya nusu otomatiki.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinifuata nyumbani Mbagala. Ana shamba la mihogo Mkuranga, na nguruwe pori wamelifukua karibu robo yake. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Hata chai hajaimaliza, akaniambia: "Nimeoneshwa picha ya bunduki ya nusu otomatiki, bei nafuu kabisa. Nitawindia, na siku nyingine nitajifunza shabaha. Unaonaje?" Nikamuuliza nusu otomatiki maana yake nini. Akajibu: "Si ile inayopiga mfululizo, ila kidogo kidogo?"

Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi, wakiwemo wenye elimu yao, na kosa limeanzia kwenye neno "nusu". Mtu anadhani ni bunduki ya mfululizo iliyopunguzwa ukali. Sivyo. Neno hili halisemi lolote kuhusu nguvu ya risasi wala umbali inakofika. Linahusu kazi mbili ambazo lazima zifanyike kila unapopiga: kupakia risasi chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kuifyatua. Katika otomatiki kamili bunduki inafanya zote mbili yenyewe, inapakia na kufyatua, inapakia na kufyatua, mpaka uachie triga au risasi ziishe. Katika nusu otomatiki bunduki inafanya kazi moja tu, ya kupakia. Kufyatua kumebaki kwenye kidole chako. Ukivuta triga inatoka risasi moja, na hata uishikilie mpaka jua lizame haitatoka ya pili. Uachie kwanza, ndipo uvute tena.

Waliopitia JKT wanalijua hili kwa vidole hata kama hawajawahi kulisikia kwa jina. Pembeni mwa SMG, upande wa kulia, kuna kile chuma kirefu cha kuchagua. Kikiwa juu, bunduki imefungwa. Ukikishusha katikati, ni mfululizo. Ukikishusha mpaka chini, ni moja moja. Hiyo "moja moja" ndiyo nusu otomatiki. SMG ina njia zote mbili. SAR ina moja moja peke yake, na ndiyo tofauti kubwa kati ya ndugu hawa wawili wanaokula risasi ya aina moja, ile ya milimita 7.62 kwa 39.

Sasa inajipakiaje? Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu ukiuelewa mwendo huu huwezi tena kudanganywa na muuzaji. Unavuta triga, nyundo inagonga pini, pini inagonga kitako cha risasi, baruti inawaka. Gesi ya baruti ndiyo inayosukuma kichwa cha risasi ndani ya mtutu. Kabla kichwa hakijatoka mdomoni, kinapita tundu dogo lililotobolewa kwenye mtutu, na sehemu ya gesi inachomokea hapo na kusukuma pistoni kurudi nyuma. Pistoni inasukuma bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Bolti inaporudi inalivuta ganda tupu na kulitupa nje, inaikalisha nyundo tayari kwa mara nyingine, na inaibana springi. Springi ikijikunjua inairudisha bolti mbele, nayo njiani inakwangua risasi mpya kutoka magazini, kile kisanduku cha akiba ya risasi, na kuisukumia chemba. Yote haya yanakwisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Unachosikia ni mlio mmoja na kishindo begani.

Nilipokuwa kuruta nililala kwenye mstari wa shabaha, mwenzangu akiwa kushoto kwangu. Alipopiga ya kwanza, ganda lake likaruka likaniingia kwenye kola ya shati, likanasa kati ya kitambaa na shingo. Lilikuwa la moto kama kijiko kilichosahaulika ndani ya sufuria ya mafuta. Nilijizuia nisinyanyuke, maana kunyanyuka kwenye mstari wakati wenzako wanapiga ni kujitafutia kifo. Alama bado ninayo. Ganda lile lilitupwa na bolti, bila mkono wa mtu, na ndilo lililonifundisha kujipakia ni nini.

Si bunduki zote hutumia pistoni na gesi. Zile ndogo za kaliba .22 (kaliba ni upana wa tundu la mtutu, hapa kwa inchi) kwa kawaida hazina mambo mengi: bolti ina uzito wa kutosha, na msukumo wa risasi yenyewe ndio unaoirudisha nyuma. Vipande ni vichache, hivyo hutengenezwa kwa gharama ndogo. Ruger 10/22 ya Marekani, inayotengenezwa tangu 1964, ni ya namna hiyo, na huko kwao ndiyo mtu huitaja kwanza akiulizwa bunduki ya nusu otomatiki isiyoumiza mfuko.

Bunduki isiyojipakia inakutaka ufanye kazi kwa mkono. Gobore, ambalo babu zetu waliliwindia na baadhi ya vijiji bado wanalo, unalishindilia baruti mdomoni, kisha unapiga mara moja na kuanza upya. Raifo ya bolti, mfano Mauser ya mwaka 1898 na vizazi vyake, unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, ganda linatoka, unausukuma mbele, risasi mpya inaingia. Mzoefu anafanya hivyo kwa sekunde mbili hivi.

Turudi kwenye swali la mpwa wangu, ambalo kwa kweli ni maswali mawili aliyoyafunga kamba moja.

La shabaha kwanza. Watu wanadhani bunduki ya kujipakia inalenga vizuri zaidi. Hailengi zaidi. Usahihi unatoka kwenye mtutu, kwenye risasi inayoendana na mtutu huo, kwenye triga isiyo nzito, na zaidi ya yote kwenye pumzi na bega la mpigaji. Katika Olimpiki, mashindano ya raifo ya mita 50 hupigwa kwa kaliba .22, na bunduki inapakiwa risasi moja moja kwa mkono. Duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Anayejifunza shabaha kwa bunduki ya kujipakia ana kishawishi kibaya: akikosa, anavuta tena haraka kabla hajajiuliza kwa nini amekosa. Magazini inaisha, pesa imeisha, na hajajifunza kitu. Anayelazimika kuinua bolti kila mara anapata nafasi ya kupumua. Faida ya kweli ya kujipakia kwenye shabaha ni kwamba jicho na shavu havibanduki kwenye kitako, na kwa kaliba ndogo kishindo ni kidogo, kwa hiyo mwanafunzi haogopi. Ni faida kweli, lakini haitoshi kumfanya mtu mwenye fedha kidogo aichague kwanza.

Na .22 isidharauliwe kwa udogo wake. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, lakini kikirushwa juu kwa uzembe kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, kama umbali wa kutoka Posta hadi Mnazi Mmoja. Dar es Salaam ilivyojaa watu, hakuna kiwanja cha nyuma ya nyumba kinachofaa kulengea. Shabaha hupigwa kwenye uwanja maalumu wenye tuta la udongo, chini ya msimamizi.

La kuwinda ni zito zaidi. Nchi nyingi zinaiwekea nusu otomatiki mipaka porini. Sheria ya ndege ya Umoja wa Ulaya inazuia kuwinda ndege kwa silaha ya kujipakia ambayo magazini yake inabeba zaidi ya risasi mbili. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, liliruhusu raifo za namna hii mwaka 2017 tu, tena kwa wanyama wadogo, si kwa wanyama wakubwa. Uingereza iliziondoa mikononi mwa raia mwaka 1988 baada ya mauaji ya Hungerford, ikaziacha zile za .22. Australia ilizibana mwaka 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, na New Zealand mwaka 2019 baada ya yale ya Christchurch. Kwa hiyo mtu anaposoma kwenye simu sifa za bunduki fulani kwamba "ni bora kwa wawindaji", aangalie kwanza mwandishi yuko nchi gani.

Kwetu, uwindaji wa leseni hauruhusu otomatiki wala nusu otomatiki. Wageni wanaokuja kuwinda huelezwa hivyo kabla hawajapanda ndege, na mwenyeji hana sheria yake tofauti. Sababu zake naziona za haki. Mwindaji mwenye risasi moja chemba anasubiri mnyama asimame vizuri. Mwenye kumi zinazojipakia anaanza kupiga mnyama akikimbia, na mnyama aliyejeruhiwa anakwenda kufia vichakani kwa siku mbili, au anamrudia mtu. Kwa wanyama wa hatari kama nyati na simba, kinachotakiwa ni kaliba kubwa, kuanzia .375, na mkono uliotulia. Kasi ya kupakia haimsimamishi nyati. Hata nguruwe pori, ngozi na mfupa wa bega lake si wa kuchezea na .22, utamtia kidonda tu, na atarudi shambani akiwa mkali.

Basi neno "nafuu" tulipime upya. Bei ya bunduki unailipa mara moja, lakini risasi unanunua kila unapotoka, na bunduki inayojipakia inazila haraka. Ina vipande vingi vinavyosuguana, na masizi ya baruti yanaganda kwenye pistoni na chemba. Usipoisafisha kila baada ya kutumia, itakwama siku unayoihitaji. Nimewahi kuona bolti imesimama nusu njia na ganda limebanwa wima mlangoni kama kidole kilichobanwa na kitasa. Kwa mwenye bajeti ndogo anayetaka kuwinda kihalali, raifo ya bolti iliyotumika, mtutu wake ukiwa haujaliwa na kutu, ni bora mara nyingi kuliko ya kujipakia iliyo mpya. Ukiangalia ya mtumba, hakikisha haina risasi, toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie: mistari ya mzunguko ndani iwe mikali na safi, isiwe na vishimo. Ongeza gharama ya sanduku la chuma la kufungia, maana sheria inakutaka uitunze silaha mahali salama.

Na kabla ya hayo yote kuna kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia kununua kwanza kisha akatafute karatasi. Safari inaanzia ofisi ya serikali ya mtaa, watu wanaokujua tabia yako, inapanda polisi wilayani na kuendelea juu, na leseni ya silaha si leseni ya kuwinda. Hiyo ya pili ni ya mamlaka ya wanyamapori, nayo inataja mnyama, eneo na msimu.

Ndiyo maana nilimwomba mpwa wangu anioneshe hiyo picha. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya mkeka, namba ya usajili imefunikwa na gazeti, na muuzaji ametaka atumiwe nusu ya fedha kwa simu kabla ya kuonana. Nikamwambia: hapa ukitoa pesa ama unaibiwa, ama unauziwa silaha yenye damu ya mtu. Futa namba ya simu ya huyo muuzaji.

Akaifuta mbele yangu. Tukazungumza kuhusu wanyama waharibifu, kwamba kero ya nguruwe pori inapelekwa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na askari wa wanyamapori ndio wanaokuja na silaha halali. Kesho yake asubuhi alikwenda Rangi Tatu kupanda gari la Mkuranga, simu yake ikiwa na picha kumi na mbili za mashimo na mihogo iliyotafunwa nusu.