Leptini ni nini, na kwa nini dayati kali inakata hedhi

Hii mnaiona sana hapa Dar, hasa watu wakianza kujiandaa na maharusi ya Desemba. Mdada anakata ugali, anakata wali, chipsi mayai ndo usimtajie kabisa, asubuhi jimu jioni anakimbia Coco, na kilo zinashuka kweli, alafu anakuja kushtuka hajaona siku zake miezi miwili. Anapima UPT, hana mimba. Anapima tena, hana. Anaambiwa ni stresi tu zitapita.

Stresi inaweza kuchangia ndio, ila mara nyingi kuna homoni iko katikati ya hii stori, inaitwa leptini. Inatengenezwa na mafuta ya mwilini, haya haya tunayoyapiga vita, inaingia kwenye damu inapanda mpaka kwenye ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi. Ichukulie kama mita ya umeme ya Luku: ubongo hauwezi kwenda kukagua mapaja na tumbo una mafuta kiasi gani, unasoma namba tu. Namba ikiwa nzuri, njaa inatulia na shughuli zinaendelea. Ikishuka, njaa inapanda na vitu visivyo vya lazima leo vinaanza kuzimwa. Moyo hauzimwi. Uzazi unazimwa, maana mimba ni gharama kubwa na bado kuna kunyonyesha.

Aliyefungua njia hapa ni Mkanada mmoja, Douglas Coleman, aliingia Jackson Laboratory kule Maine, Marekani, mwaka 1958 akiwa na plani ya kukaa muda mfupi tu, akajikuta amefanya kazi hapo maisha yake yote. Pale walikuwa na aina mbili za panya wanene kupita kiasi, kwa kuwaangalia tu huwezi kuwatofautisha vizuri. Coleman akawaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili damu ya huyu ipite kwa yule (ndio, inatisha kidogo). Aina ya kwanza akiunganishwa na panya wa kawaida, mnene anapunguza kula na anapungua. Aina ya pili ikawa kinyume kabisa: mnene anaendelea kula kama kawaida yake, ila yule mwenzake wa kawaida anaacha kula mpaka anakufa na njaa huku chakula kipo mbele yake. Coleman akasema basi, wa kwanza hana ujumbe wa shibe lakini akiletewa anausikia, wa pili anao mwingi sana ila hausikii. Na wapo waliokuwa hawataki kusikia habari za homoni, kwao unene ni ulafi basi. Jeni ya ule ujumbe, yaani leptini, ilikuja kupatikana 1994, na timu ya Jeffrey Friedman kule New York, na 2010 Coleman na Friedman wakapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba.

Sasa kipande ninachokipenda mimi. Wale panya wasio na leptini walikuwa hawazai, na watu wakadhani ni unene tu. Ila majike wakinyimwa chakula mpaka wakawa wembamba, bado hawakushika mimba. Mwaka 1996 wakachomwa leptini, wakazaa. Kumbe shida ilikuwa ule ujumbe, sio kilo.

Kwa binadamu inaenda hivi: haipothalamasi inatoa homoni ya GnRH kwa vipindi, kila dakika 60 mpaka 90 hivi kwenye nusu ya kwanza ya mzunguko, hiyo inaamsha tezi ya pituitari, pituitari inaamsha ovari, yai linapevuka. Leptini ikishuka vile vipindi vinapoa, yai halipevuki na hedhi inakata. Na ukifunga kula ghafla leptini inashuka ndani ya siku chache tu, haraka kuliko mafuta yenyewe, ndo maana unaweza kuwa bado una nyama zako na siku zimekata.

Kwa hiyo mnene ana leptini nyingi, si ashibe basi? Anayo nyingi kweli, ila ubongo wake umeshaizoea hausikii vizuri, kwa hiyo kumuongezea kwa wengi haijasaidia. Ndo maana hivi vidonge vya "leptini" vinavyouzwa mtandaoni mimi sivielewi, leptini ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage. Ile ya hospitali ni sindano na ni ya wagonjwa wachache sana, kama wale waliozaliwa bila leptini.

Kama hedhi imekata miezi mitatu na mimba hakuna, nenda kwa daktari wa wanawake, atapima homoni za thairoidi na prolaktini pia maana sio kila kitu ni dayati, na umwambie ukweli unakula nini kwa siku, usimfiche hata kama ni mchuzi wa kabichi tu.