Je, wajua ni kwa nini kituo kimoja cha skii humfaa mgeni mmoja na kumkera mwingine?

Watu wawili wanaweza kufikia hoteli moja katika wiki moja, wakanunua tiketi za bei ileile na kuteleza juu ya theluji ileile, kisha mmoja akarudi kwao akisema hajapata kuona mahali pazuri kama hapo, na mwenzake akaapa kutokanyaga tena. Wala hakuna kati yao anayesema uongo. Kituo cha skii, yaani eneo la mlima lililowekewa lifti (viti au vibanda vya kebo vinavyompandisha mtu mlimani), njia za kutelezea, shule na malazi kwa ajili ya mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zinazofungwa miguuni, hakina daraja moja la ubora linaloweza kubandikwa langoni kama alama za mtihani. Kila sifa yake ni jibu la haja ya mtu fulani, na haja ikibadilika, sifa hiyohiyo hugeuka kasoro. Mteremko mkali ambao gwiji amevuka bahari kuufuata ndio huohuo unaomfanya mwanagenzi avue skii zake na kushuka kwa miguu huku machozi yakimlengalenga.

Kipimo cha kwanza ambacho wengi hukitazama ni rangi za njia. Nchini Ufaransa kijani ni njia nyepesi kabisa, ikifuatwa na buluu, nyekundu na nyeusi. Kwa viwango vya Ujerumani na Austria, njia ya buluu haipaswi kuzidi mteremko wa asilimia 25, maana yake kushuka mita 25 kwa kila mita 100 za ulalo, na nyekundu haipaswi kuzidi asilimia 40, isipokuwa katika vipande vifupi; inayozidi hapo ni nyeusi. Marekani na Kanada hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi, na almasi zikiwa mbili basi njia hiyo ni ya mahiri peke yao. Japani nayo ina kijani, nyekundu na nyeusi, kwa hiyo nyekundu ya huko ni njia ya mtu wa ujuzi wa wastani, ilhali mgeni aliyezoea milima ya Alpi huenda akaiogopa bure.

Jambo linalosahaulika ni kwamba huko Amerika Kaskazini alama hizo hulinganisha njia za kituo kimoja zenyewe kwa zenyewe, si kituo kimoja na kingine. Mraba wa buluu katika kilima cha upole unaweza kuwa mwepesi sana ukilinganishwa na mraba wa buluu wa Jackson Hole, katika jimbo la Wyoming, mlima wenye tofauti ya kimo ya takriban mita 1260 kati ya kilele cha lifti na chini, na unaojulikana kwa Corbet's Couloir, ufa mwembamba wa miamba ambao mtu huuingia kwa kuruka kutoka ukingoni. Zaidi ya hayo, rangi hupangwa kwa kufuata umbo la mlima, wala haibadiliki theluji ikishaganda na kuwa ngumu kama kioo. Njia ya buluu ya saa tatu asubuhi, iliyosawazishwa na mashine usiku kucha, si njia ileile saa kumi jioni baada ya maelfu ya watu kuipitia.

Vipeperushi hupenda kutaja kwamba sehemu fulani ya njia zote ni nyepesi, na msomaji huhesabu hayo kuwa habari njema kwa anayeanza. Kwa maoni yangu, takwimu hiyo peke yake haimsaidii, kwa sababu haisemi njia hizo ziko wapi. Kuna vituo ambavyo njia zake za upole zote ziko juu, kwenye uwanda wenye jua na mandhari ya kuvutia, huku njia pekee ya kurudi kijijini ikiwa nyekundu, nyembamba, iliyo kivulini, na iliyojaa watu walioichosha miguu yao kutwa nzima. Anayeanza hufurahia siku yake yote, kisha dakika 20 za mwisho zikamharibia. Hivyo basi swali la kumuuliza mwenye kituo ni hili: je, mtu asiyeweza kuteleza hadi chini anaruhusiwa kushuka kwa lifti, na lifti hiyo hufungwa saa ngapi? Swali la pili ni kama uwanja wa kujifunzia umetengwa na njia za watu waendao kasi, na kama una mkanda unaosogea ambao mwanafunzi husimama juu yake ukampandisha, badala ya kijiti cha kuning'inia kinachomvuta kwa nguvu na kumwangusha kabla hajajifunza hata kusimama. La tatu, ambalo hata walimu wa skii hulitaja mara chache, ni mahali mwanafunzi atakapokwenda siku ya nne, akiwa ameuchoka uwanja wa watoto lakini bado hajaweza kudhibiti mwendo wake kwenye njia nyekundu. Kituo kisicho na njia ndefu za buluu za kumpokea humrudisha uwanjani au humsukuma mahali pa hatari.

Mtu wa ujuzi wa wastani, ambaye ndiye mteja mkuu wa vituo vikubwa, huvutiwa na kilomita. Anataka kuondoka asubuhi, avuke mabonde mawili, ale chakula cha mchana upande wa pili wa mlima na kurudi jioni bila kurudia njia. Huyo hufaidi sana mahali kama Les Trois Vallées nchini Ufaransa, ambako Courchevel, Méribel na Val Thorens zimeunganishwa kwa lifti na hutangaza jumla ya kilomita 600 za njia. Lakini nyumba njema si mlango. Mwaka 2013 mtaalamu wa Ujerumani, Christoph Schrahe, aliwashtua wengi alipochapisha vipimo vyake vilivyoonyesha kwamba vituo vingi vikubwa vilikuwa vikitangaza kilomita nyingi kuliko zilizopatikana kwa kufuata katikati ya njia. Chanzo hakikuwa udanganyifu mtupu: wengine walikuwa wakihesabu mikunjo ambayo mtelezaji hupiga akishuka, na wengine walihesabu njia pana kana kwamba ni mbili. Baada ya hapo baadhi ya vituo vilirekebisha takwimu zao. Kwa familia itakayoshinda kwenye miteremko mitatu ileile juma zima, tofauti hiyo haina uzito wowote, na kununua tiketi ya eneo lote ni kulipia milima ambayo hawataiona.

Theluji yenyewe ndiyo sehemu inayodanganya zaidi, kwa kuwa wengi hudhani kimo ndicho kila kitu. Ni kweli kwamba hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 0.65 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo mvua inaweza kuwa inanyesha kijijini kwenye mita 1000 huku theluji ikidondoka kwenye mita 2500. Ndiyo maana Val Thorens, iliyo kwenye mita 2300, huwa na uhakika zaidi wa theluji mwezi Aprili kuliko Kitzbühel nchini Austria, mji wa kale wenye kupendeza ulio kwenye mita 760 hivi. Mashine za kutengeneza theluji husaidia, lakini nazo huhitaji baridi: hewa ikiwa ya joto au yenye unyevu mwingi, matone ya maji hayagandi kabla ya kufika chini. Hata hivyo, kilele cha Niseko Annupuri huko Japani hakifiki hata mita 1400, na bado wanaopenda theluji laini kama unga hukifuata kutoka pande zote za dunia, kwa sababu pepo baridi kutoka Siberia huchota unyevu zikipita juu ya Bahari ya Japani kisha huumwaga kwenye milima ya Hokkaido karibu kila siku katikati ya majira ya baridi. Upande ambao mteremko unatazama nao una neno: katika kizio cha kaskazini, mteremko unaotazama kaskazini hukwepa jua na kuhifadhi theluji yake, na huko Chile au New Zealand hesabu hiyo hupinduka.

Kimo kina gharama zake pia. Juu ya mstari wa miti, yaani kimo ambacho miti haioti tena, hakuna kinachozuia upepo, lifti husimamishwa mara kwa mara, na mawingu yakishuka anga na ardhi huwa kitu kimoja cheupe, hata mtelezaji asijue kama anasonga au amesimama. Siku kama hiyo, kituo cha chini chenye njia zinazopita msituni humfaa mtu kuliko kituo cha juu chenye sifa kubwa, maana vigogo vya miti humwonyesha jicho mteremko ulivyo. Kisha kuna mwili. Mji wa Breckenridge, jimboni Colorado, uko karibu mita 2900 kutoka usawa wa bahari na lifti yake ya juu hupita mita 3900. Mtu aliyetoka pwani jana yake anaweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuchoka upesi, kwani dalili za kimo huwapata watu wengi wanapolala juu ya mita 2500. Kwa mzee mwenye shida ya moyo au mapafu, takwimu ya kwanza ya kuitazama ni kimo cha kitanda chake, si cha kilele.

Kwa mahiri hali ni tofauti, na hapa pana jambo ambalo linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa. Katika vituo vingi vya Ulaya, walinzi wa mlima hudhibiti hatari ya maporomoko ya theluji kwa ajili ya njia zilizowekewa alama. Nafasi iliyo kati ya njia mbili ni mlima wa porini, hata kama iko hatua tano kutoka kwenye lifti. Marekani na Kanada, kwa kawaida, eneo lote lililo wazi ndani ya mpaka wa kituo hukaguliwa, na hatari isiyodhibitiwa huanza nje ya mpaka huo. Kwa hiyo mtu anayetaka kuonja theluji isiyokanyagwa lakini hana elimu ya maporomoko wala kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, kinamfaa zaidi kituo cha Amerika Kaskazini. Mwenye elimu na mwongozaji anaweza kwenda Chamonix nchini Ufaransa, akapanda hadi kilele cha Aiguille du Midi kwenye mita 3842 na kushuka Vallée Blanche, safari ya kilomita 20 hivi juu ya mto wa barafu wenye nyufa. Chamonix hiyohiyo humsumbua anayeanza, kwa kuwa maeneo yake ya kutelezea yametawanyika bondeni na huhitaji basi kati ya moja na jingine.

Wanaotumia ubao mmoja badala ya skii mbili wana hesabu yao fupi: waepuke vituo vyenye vipande virefu vya tambarare, ambako mwenye skii hujisukuma kwa fimbo na wao hulazimika kuvua ubao na kutembea. Kuna vituo vitatu nchini Marekani, Alta, Deer Valley na Mad River Glen, ambavyo havikubali ubao kabisa.

Halafu kuna yule ambaye hatelezi, naye yumo karibu katika kila kundi. Kituo kilichojengwa juu mlimani kwa ajili ya skii tu, kama vingi vilivyochipuka Ufaransa katika miaka ya 1960, humfurahisha mtelezaji anayevaa skii zake mlangoni, lakini asiyeteleza humaliza matembezi yake yote kabla ya adhuhuri. Huyo afadhali apelekwe mji uliokuwepo kabla ya lifti, kama St. Moritz au Zermatt nchini Uswisi, ambako pana njia za kutembea, treni za milimani na mitaa ya kuzungukia. Wazazi wa watoto wadogo watafurahia vijiji visivyoruhusu magari, kama Zermatt yenyewe au Avoriaz nchini Ufaransa. Kwa wenye ulemavu, neno la jumla kwamba kituo ni rafiki kwa wote halitoshi. Waulize kama kuna walimu waliofunzwa na skii za kukalia, na kama lifti inaweza kupunguzwa mwendo wakati wa kupanda. Winter Park, Colorado, imekuwa na programu ya namna hiyo tangu mwaka 1970.

Linabaki suala la wiki yenyewe, kwani kituo kilekile hubadilika tabia kwa kalenda. Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu za shule ambazo likizo zao za Februari hupishana na kuingiliana, na katika wiki ambazo kanda mbili ziko likizoni pamoja, foleni za lifti na madarasa ya watoto hufurika. Anayefikiria kumpeleka mwanagenzi wake huko afungue kalenda hiyo kwanza, kabla hajaanza kulinganisha hoteli.