Mzee si wa kuketi tu: dhana potofu kuhusu mazoezi na ubongo

Mama anafikisha miaka 70, watoto wanamtoa kijijini na kumleta mjini. Kule alikuwa anaamka alfajiri, anafagia uwanja, anamkatia ng'ombe majani, na Jumapili anapanda kilima kwenda kanisani na kurudi kwa miguu. Mjini kuna dada wa kazi, kuna kochi, kuna televisheni. Akishika ufagio ananyang'anywa: "Mama, umehangaika vya kutosha, pumzika." Baada ya miezi kadhaa anauliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, na nyumba nzima inakubaliana kwamba ni umri.

Sisemi kochi ndilo lililomsahaulisha. Kusahau kuna sababu nyingi. Ila hii ya kumketisha mzee kwa jina la heshima ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, maana inatoka kwa watoto wanaompenda kweli.

"Heshima ya mzee ni kukaa."

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Ndiyo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, na ndiyo inayotusaidia kujua tulipo na njia ya kurudi nyumbani. Uzeeni husinyaa kidogo kidogo. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu 120 wa miaka 55 hadi 80, wenye akili timamu lakini wasio na desturi ya mazoezi. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitembea siku tatu kwa wiki, likianza na dakika 10 na kuongeza taratibu hadi kufika 40. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Ulipotimia mwaka, hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimeongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2. Hipokampasi za wenzao zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 1.4. Asilimia 2 inasikika ndogo, lakini ni kama kurudisha nyuma mwaka mmoja au miwili ya usinyaaji. Na walichofanya ni kutembea.

Sababu yake haina fumbo. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini peke yake unakula kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Unaishi kwa damu. Mwendo husaidia kushusha presha na sukari, na hivyo kuilinda mishipa ile myembamba ambayo ikiziba huleta viharusi vidogo visivyo na kishindo: hakuna mkono unaopooza wala mdomo unaopinda, ila kila kimoja kinachukua kipande cha akili. Misuli inapofanya kazi, mwili pia huongeza protini inayosaidia seli za neva kuishi na kuunganika.

"Amelima maisha yake yote, ameshaweka akiba."

Mwili hauna benki ya namna hiyo. Misuli ikilala wiki chache huanza kupungua, na faida za mwendo kwa presha na sukari hupotea ukiacha. Halafu tazama Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Uchunguzi uliofanywa huko vijijini kwa watu wa miaka 70 na kuendelea ulikuta kiwango cha demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, cha karibu asilimia 6.4. Hao ni watu wa jembe. Kwa hiyo kazi ya zamani si kinga kamili, na demensia si ugonjwa wa Wazungu wala wa watu wa mjini.

Niseme na hili, ingawa linanitoa kidogo njiani. Katika sehemu za Usukumani na kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayepotea njia usiku, anayeongea peke yake, anayemkataa mwanawe mlangoni kwa sababu hamtambui, huyo ni mgonjwa. Anahitaji daktari na mkono wa kumshika.

"Mazoezi ni ya vijana wa gym."

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, hata kwa waliopita miaka 65. Kipimo chake hakihitaji saa ya kisasa: mzee aweze kuzungumza anapotembea, lakini asiweze kuimba. Kulima bustani kumo, kucheza ngoma kumo.

Ila kutembea peke yake hakutoshi. Huko Vancouver, Kanada, wanawake 155 wa miaka 65 hadi 75 walifuatiliwa mwaka mzima. Waliofanya mazoezi ya nguvu mara moja au mbili kwa wiki walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini kuliko waliofanya mazoezi ya kusimama imara na kukaza misuli. Nyumbani nguvu hiyo inapatikana kwa kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, kupumzika, kisha kurudia. Magoti yakiuma, ainue chupa za maji akiwa ameketi. Mazoezi ya kusimama imara nayo yasiachwe, maana anguko moja likivunja nyonga humlaza mzee miezi.

"Acheze bao, inatosha." Bao ni zuri, na mazungumzo ya barazani ni mazuri zaidi. Lakini halishushi presha.

"Mazoezi yanatibu demensia."

Hapa nawaomba wanaouza matumaini wanyamaze. Uingereza, mwaka 2018, ulitolewa utafiti wa watu 494 ambao tayari walikuwa na demensia. Waliopewa mazoezi makali kiasi walipata mwili wenye nguvu zaidi, lakini akili iliendelea kushuka, tena kidogo zaidi kuliko ya wengine. Mwendo ni kinga kuliko ulivyo tiba, tena ni kinga mojawapo. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, ambavyo kwa pamoja vinahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia zote: kutofanya mazoezi kumo, sambamba na presha, kisukari, upweke na masikio yasiyosikia vizuri ambayo hayajashughulikiwa. Mzee akianza kupotea njia au kusahau chungu motoni, kwanza apelekwe hospitali. Wakati mwingine kinachokutwa ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au dawa anazokunywa, na hayo yana tiba.

Mwenye maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa au kizunguzungu aonane na daktari kabla ya kuanza. Wengine waanze na dakika kumi, asubuhi kabla ya jua kali, kwa viatu vinavyoshika mguu badala ya kandambili. Na Jumamosi hii, dada asitumwe sokoni peke yake. Mpe mama kikapu, mjukuu amshike mkono wakati wa kuvuka barabara, na nyanya azichague mwenyewe.