Theluji ya Msimu na Barafu ya Mlima

Kila Kilimanjaro ikipigwa picha imejaa weupe hadi mabegani, ujumbe unaanza kuzunguka kwenye simu zetu huku Mtwara: "Barafu imerudi!" Juzi nimeusikia tena soko la samaki, kwa kijana aliyekuwa akipasua bonge la barafu kwa nyundo ili afukie jodari wake.

Weupe ule ni theluji mpya, si barafu iliyorudi. Theluji ikikaa msimu mzima huitwa mlimbikizo wa theluji wa msimu: ni theluji inayoanguka mlimani na kujilundika tabaka juu ya tabaka miezi ya baridi, kisha ikayeyuka joto likirudi. Basi.

Utata uko kwenye maneno. "Theluji" imetoka Kiarabu, thalj. "Barafu" imetoka Kiajemi, barf, na huko barf ni theluji hasa, ile inayoanguka. Kwa hiyo asili haitenganishi kitu. Ni sisi Waswahili tuliogawa kazi. Theluji ikawa ile laini inayodondoka, barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa jiwe, kama lile bonge la jodari. Mgawanyo huo ni mali, naomba tusiupoteze. Theluji mpya imejaa hewa: sentimita 10 zikiyeyuka hutoa kama sentimita 1 tu ya maji. Ndiyo maana kule California, Marekani, wapimaji wa theluji hawatosheki na kina chake. Huchomeka bomba kwenye theluji, wakalipima uzito, wajue maji yaliyomo. Kipimo cha Aprili 1 ndicho kinachosubiriwa zaidi, maana theluji ya milima yao ya Sierra Nevada ni akiba yao ya maji ya kiangazi. Mtu wa Newala anayekinga mvua ya masika ili anywe hadi Oktoba haelezwi mara mbili.

Barafuto ni kitu kingine: theluji ya miaka mingi iliyogandamizwa na uzito wake hadi ikawa barafu, nayo hutambaa polepole ikishuka. Barafuto za Kilimanjaro zilikuwa na kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia 2011 hazikufika 2. Theluji mpya ikizifunika huzikinga kidogo na jua, lakini aghalabu hutoweka baada ya siku au wiki chache.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa jodari, picha uliyoiona ni ya kweli. Sema tu theluji imeanguka.