Sosholojia na yale yanayosemwa juu yake

Mwambie jirani unasoma sosholojia, atakuuliza umepangiwa wilaya gani. Wengi huichanganya na ustawi wa jamii. Afisa ustawi humshughulikia mtoto huyu aliyetelekezwa, na ndoa hii iliyovunjika. Mwanasosholojia huuliza kwa nini ndoa zinavunjika zaidi mahali fulani kuliko pengine.

Wapo wanaosema: hayo si kila mtu anayajua? Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na wenyeji wa Philadelphia, Marekani, walikuwa nayo. Jibu walikuwa nalo tayari: Kata ya Saba ina uhalifu na umaskini kwa sababu Weusi ndivyo walivyo. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikamwajiri msomi Mweusi W. E. B. Du Bois aichunguze. Akahamia humohumo na mkewe, akapiga hodi mlango hadi mlango, dodoso mkononi: mko wangapi, mmezaliwa wapi, kazi gani, kodi ya nyumba kiasi gani? Alizifikia kaya zipatazo 2,500. Kitabu chake cha 1899 kilionyesha kwamba Weusi walifungiwa ajira nzuri na kutozwa kodi za juu kwa vyumba vibovu, na kwamba makovu ya utumwa yalikuwa bado mabichi. Tena hawakuwa kundi moja. Palikuwa na wenye uwezo na wachochole, na ramani yake iliwaonyesha mtaa kwa mtaa. Inakera kwamba vitabu vingi vya utangulizi vilimruka kwa miongo mingi.

Dhana nyingine: mtu akijiua, hilo ni lake na nafsi yake. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, mwaka 1897, alilinganisha takwimu za nchi za Ulaya akaona kila nchi ina kiwango chake kisichoyumba sana mwaka hadi mwaka. Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, makapera zaidi ya waliooa. Majonzi ya mtu mmoja hayawezi kueleza tofauti hizo. Baadaye wengine waliuliza, na kwa haki, kama vifo vyote viliandikwa kama vilivyokuwa; familia ya Kikatoliki ilikuwa na sababu ya kuficha.

Na "baba wa sosholojia"? Anayeitwa hivyo, mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte, aliipa fani hii jina la sosholojia katika maandishi ya 1839, lakini hakwenda kumhoji mtu. Mwandishi Mwingereza Harriet Martineau alikuwa amekwishazunguka Marekani na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1837. Huyohuyo ndiye aliyemfupisha Comte kwa Kiingereza mwaka 1853, akasomeka. Nyuma yao wote yuko mwanahistoria Ibn Khaldun wa Tunis: mwaka 1377 alikwishaeleza jinsi mshikamano wa kabila unavyoinua dola, na jinsi starehe za mjini zinavyoulegeza.

Kwamba fani hii ni ukomunisti tu, hilo halihitaji mjadala mrefu. Marx yumo, lakini Mwingereza Herbert Spencer, aliyepinga serikali kuwasaidia maskini, naye yumo.