Je, wajua? Mbona koromeo la mwanaume linapanda na kushuka akimeza, la mwanamke halionekani?

Miaka mingi niliamini wanawake hawana koromeo, kwamba ile nundu ya shingoni ni ya wanaume tu kama ndevu, na kwamba ndo inawapa nguvu ya kumeza matonge makubwa ya posho. Siyo hivyo kabisa. Wote tunayo! Ni gegedu linalokinga kisanduku cha sauti, lina mabamba mawili yanayokutana mbele, sasa kwa mwanaume yanakutana kwa kona kali ya kama digrii 90 ndo maana inachomoza, kwa mwanamke kona ni pana, karibu 120, basi inajificha. Watoto wanafanana, tofauti inakuja balehe, na hapo kinachobadilika sana ni sauti. Dada, weka kidole shingoni umeze mate, utaisikia inapanda.

Kwa nini ipande? Koo ni njia panda ya hewa na chakula. Ukimeza, pumzi inakatika kama sekunde moja hivi, kisanduku kinavutwa juu na mbele kikajifiche chini ya shina la ulimi, kifuniko chake kinalala, na mvuto huohuo unasaidia kufungua mlango wa umio, lile bomba la kupeleka chakula tumboni.

Sasa wakipima kwa video ya eksirei, mara nyingi ya wanaume inasafiri milimita nyingi zaidi, na mtu anaweza kusema eti wanaume wanameza kwa nguvu. Lakini fikiria baba mrefu na binti yake mfupi kisimani, kila mmoja anainua jerikeni kutoka chini mpaka kiunoni. Ukipima kwa futi baba kainua juu zaidi, ila wote wamefika kiunoni, kazi ni ileile! Na ndivyo ilivyo, ukilinganisha na urefu wa shingo ya mtu, ile tofauti karibu yote inapotea, na mimi hapo ndo napapenda zaidi.

Funda la maji la mwanaume kweli ni kubwa zaidi, kwa wastani lakini, maana mwanamke mwenye mwili mkubwa anaweza kumpita mwanaume mdogo. Kuhusu muda, kuna tafiti zilizoona mlango wa umio wa wanawake unakaa wazi kidogo zaidi, zingine hazikuona, na nyingi zilipima watu wachache. Umri ndo unaonekana wazi: jaja wa kike na jaja wa kiume, wote kumeza kwao kunakuwa polepole.